Mwishehe, Mtunza Panya wa Chanjo

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, Mwishehe Mbaraka alipima uzito wa panya sitini. Alimshika mmoja mmoja kwenye shina la mkia, akamtumbukiza ndani ya kikombe cha plastiki kilichokuwa juu ya mizani, akasubiri namba itulie, akaiandika, kisha akamrudisha kwa wenzake. Kazi hiyo ilimchukua saa moja na nusu. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, mfupi, mwenye vidole vinene. Ukimwangalia usingedhani vidole vile vinaweza kushika kiumbe cha gramu ishirini na mbili bila kukiumiza.

Kituo cha utafiti alichofanyia kazi kiko Kibaha, mbele kidogo ya Sofu, nyuma ya ua wa michongoma. Alifika pale miaka kumi na tisa iliyopita akiwa mkata nyasi. Siku moja sungura wa maabara walitoroka, na yeye ndiye aliyewakamata wote bila kuvunja mguu wa hata mmoja. Mwezi uliofuata wakamhamishia banda la wanyama. Alijenga nyumba ya vyumba viwili Sofu, akaishi humo na mkewe, Hajra. Kwao ni Msimbu, upande wa Kisarawe, na kila alipokwenda kusalimia, watu wa kule walimtania kwa kumwita Bwana Panya. Alicheka nao. Hakuwahi kuwaeleza kwa kirefu panya wale walikuwa wa nini.

Mwaka huo panya walikuwa wa Dokta Elinipa. Alikuwa mwanamke mwembamba kutoka Kilimanjaro, mdogo kwa Mwishehe kwa miaka kama kumi na tatu. Ingawa ndiye mkuu wa mradi, kila asubuhi alianza yeye kumwamkia Mwishehe shikamoo. Alikuwa anatafuta chanjo ya fangasi inayoshambulia ubongo. Fangasi hiyo imo kwenye udongo na kwenye kinyesi cha njiwa, na karibu kila mtu huivuta puani bila kujua. Mwili wenye kinga huizima mapema. Mwili uliopungukiwa na kinga huiacha ipande hadi kichwani, na hapo mtu hupata homa ya uti wa mgongo ya aina mbaya, inayokuja polepole.

Walikuwa wanalinganisha njia mbili. Panya ishirini walidungwa chini ya ngozi chanjo ya fangasi iliyouawa kwa joto. Ishirini wengine walidondoshewa puani fangasi hai iliyodhoofishwa. Ishirini wa mwisho walipewa maji ya chumvi tu, ili ijulikane panya asiye na chanjo anakuwaje. Baada ya wiki sita, Jumatatu ya kwanza ya Agosti, wote sitini walidondoshewa puani fangasi kali. Silvanus, mtaalamu wa maabara, alidondosha, Mwishehe aliwashika. Kuanzia hapo kazi ilikuwa kupima, kutazama na kuhesabu kwa siku sitini.

Kulikuwa na sheria. Panya akipungua moja ya tano ya uzito wake hakuachwa ateseke. Aliwekwa ndani ya sanduku la gesi na kupumzishwa. Mwishehe ndiye aliyepumzisha. Katika wiki ya tatu panya wa maji ya chumvi walianza kuinama. Manyoya yalisimama kama ya kitu kilicholowa, vichwa vikaegemea upande, na wengine wakawa wakitembea wanazunguka kushoto, kushoto, mpaka wanagonga ukuta wa kizimba. Aliwajua kwa namba. Namba arobaini na saba alizunguka siku mbili nzima kabla uzito wake haujafika pale sheria iliposema.

Jumamosi ya mwisho ya Agosti alikwenda Msimbu kumwona mama yake, Bi Swaumu. Alimkuta Hamisa, mdogo wake, ameketi barazani mchana wa saa saba akiwa amejifunika kanga usoni. Hamisa alikuwa na miaka thelathini na nane. Mumewe alifariki wakiwa Ruvu, naye akarudi nyumbani kwa mama akalima muhogo na mananasi. Mama alisema kichwa kilikuwa kinamuuma wiki ya tatu sasa. Amekwisha kumeza dawa za malaria mara mbili na za taifodi mara moja, na kaka yao mkubwa, Salumu, alimletea mtu wa kumsomea dua.

Hamisa alifunua kanga ili amsalimie kaka yake, akafumba macho haraka kwa sababu ya mwanga. Shingo haikugeuka, aligeuka mwili mzima. Baadaye akainuka kwenda chooni. Katika hatua zile chache za uani Mwishehe aliona jinsi alivyovutwa upande wa kushoto, akashika ukuta wa jiko, akajirekebisha, akavutwa tena. Mwishehe aliangalia chini. Alijichukia kwa kile alichokifikiria, lakini hakuweza kuacha kukifikiria.

Hakusubiri. Alipiga simu kwa mtu mwenye gari Kisarawe mjini, na kabla ya alasiri walikuwa njiani kuelekea hospitali Kibaha, yeye na Hamisa kiti cha nyuma. Mama alibaki amesimama mlangoni. Salumu alikuwa shambani, akaachiwa ujumbe.

Ndani ya gari Mwishehe alimuuliza kwa sauti ya chini kama kuna ugonjwa mwingine ambao nyumbani hawaujui. Hamisa aliegemeza kichwa begani kwa kaka yake. Halafu akasema kwamba Ruvu alikuwa anatumia dawa, zile za kila siku, na afya yake ilikuwa nzuri. Aliporudi Msimbu aliogopa kwenda kuchukua dawa pale jirani, ambako kila mtu anamjua. Kwa muda alirudi Ruvu kila miezi mitatu kuzichukua. Halafu akaacha. Ilikuwa imepita miezi kumi na moja.

"Usimwambie mtu, kaka," alisema. "Nikipona au nisipopona. Hasa kaka Salumu."

Mwishehe alimwahidi.

Hospitalini daktari wa zamu alimsikiliza, akampima damu, akasema karibu ana uhakika wa ugonjwa ila lazima watoe maji ya uti wa mgongo. Maji yale yangeonyesha ugonjwa, na kuyatoa kungepunguza mgandamizo uliokuwa unamuumiza kichwa. Alihitaji ridhaa. Wakati huo Salumu alikuwa amefika, nguo zake bado zina vumbi la shamba. Alimvuta Mwishehe nje ya wodi, chini ya varanda, akamwambia hapana.

Salumu hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyewalea baada ya baba yao kufa, na alimsomesha Mwishehe hadi darasa la saba kwa kuuza mkaa. Alisema amewaona watu watatu, majina yao akayataja, waliotobolewa mgongo, na wote watatu walirudi Msimbu ndani ya sanda. Mwishehe alijaribu kumweleza kwamba watu wale walifika wamechelewa, kwamba ugonjwa ndio uliowaua na si sindano. Alieleza kwa maneno aliyoyasikia kwa Dokta Elinipa, na yalipotoka mdomoni mwake yalisikika kama ya mtu mwingine.

"Wewe umezoea kutoboa," Salumu alisema. "Huyu si panya."

Walirudi ndani. Hamisa alikuwa macho. Alikuwa amesikia, au alikuwa amekisia. Hakumtazama Salumu, alimtazama Mwishehe.

"Kaka, ingekuwa wewe ungekubali?"

"Ningekubali."

"Basi waje."

Mkono wake ulitetemeka mno kuweza kuandika, akaweka dole gumba, na Mwishehe akatia saini pembeni kama shahidi. Salumu alisimama upande wa miguuni wa kitanda mpaka saini ikatiwa, kisha akatoka. Hakurudi siku hiyo.

Sindano ya kwanza ilifanyika jioni ileile. Mwishehe alimshikilia Hamisa amekunjamana upande, magoti kifuani, kama alivyoelekezwa. Hamisa alilia. Maji yalitoka kwa kasi, na daktari alitikisa kichwa kuona jinsi yalivyokuwa yamejaa. Lakini baada ya saa moja Hamisa alifungua macho bila kuyafumba tena, akaomba uji. Hajra, aliyekuwa amefika kutoka Sofu, alimnywesha kikombe kizima. Majibu yalikuja: ni fangasi ileile. Wakamwanzishia dawa ya mshipa na vidonge.

Jumatatu Mwishehe alirudi kwenye panya wake. Panya wa maji ya chumvi walikuwa wamebaki tisa. Wale wa fangasi iliyouawa walikuwa wameanza nao kuinama, wakichelewa kwa siku chache tu. Wale wa matone ya puani, wa fangasi hai iliyodhoofishwa, walikuwa wanakula, wanapanda waya wa kizimba, wanakimbizana. Kati ya ishirini alikuwa amekufa mmoja. Mwishehe aliwatazama kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kisha akatoka kwenda kubisha hodi kwa Dokta Elinipa.

Alimweleza habari za dada yake bila kutaja zile dawa za kila siku. Dokta Elinipa alikuwa amesimama, akakaa. Alimuuliza Hamisa yuko wodi gani, nani anamtibu, dawa gani ameanzishiwa, na alisema ni dawa sahihi, ndiyo hasa ambayo angeitaka yeye.

"Dokta," Mwishehe alisema, "yale matone yapo kwenye friji. Nimeyaona yanavyofanya kazi."

Dokta Elinipa hakukasirika. Alimweleza taratibu kwamba chanjo humfundisha mtu ambaye hajaumwa; Hamisa alikwisha kuumwa. Halafu akamuuliza, kama mtu anayejua jibu, iwapo kinga ya dada yake iko chini. Hakungoja jibu.

"Ile ni fangasi hai, Mzee Mwishehe. Tumeidhoofisha, lakini ni hai. Panya wetu ni wazima, ndiyo maana wanaimudu. Kwa mtu ambaye kinga imeshuka, tutakuwa tunamwongezea ugonjwa."

"Sasa hao wanaougua si ndio walioshuka kinga?"

"Ndio hao."

"Kwa hiyo tunamtengenezea nani?"

Dokta Elinipa alitazama mikono yake mezani. Alisema kuna watu wanaoweza kuchanjwa mapema, kabla kinga haijashuka, na kwamba huko mbele huenda wakapata njia ya kuwapa wengine. Alisema miaka, hakusema mingapi.

Mchana huo, Silvanus alipokwenda kula, Mwishehe alifungua friji. Ufunguo alikuwa nao yeye siku zote. Vichupa vilikuwa kwenye rafu ya pili, vidogo, vyenye vifuniko vya rangi ya samawati. Alivitazama. Alisikia kila neno aliloambiwa na aliliamini, na bado alikuwa amenyoosha mkono. Mlango ulikaa wazi mpaka friji ikaanza kulia. Silvanus aliingia akiwa ameshika chupa ya maji, akamwona, akaona kilichokuwa rafuni.

"Funga, Mzee," alisema. "Joto linapanda."

Mwishehe akafunga. Silvanus hakumwambia mtu, wala wawili hao hawakulizungumza tena jambo hilo.

Hamisa alitolewa maji mara nne. Mara ya pili hakulia. Siku ya tano alikaa kitandani, akamtania Hajra kwamba uji wake hauna sukari. Siku ya saba alianza kuita watu wa Ruvu ambao hawakuwapo. Siku ya tisa alipoteza fahamu. Mwishehe alikuwa ameomba ruhusa ya kuchelewa kazini, akawa anafika hospitalini alfajiri, anampangusa uso, kisha anakwenda kupima panya. Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, Hajra alimpigia simu, naye Mwishehe akiwa ameshika kikombe cha mizani. Ndani ya kikombe kulikuwa na panya. Aliiandika namba, akamrudisha panya, akafunga kizimba, ndipo akaketi sakafuni. Silvanus alimalizia waliobaki.

Walimzika Msimbu jioni ileile. Baada ya mazishi wanaume waliketi kwenye mikeka, na mzee mmoja aliuliza ugonjwa ulikuwa nini hasa. Salumu ndiye aliyejibu. Hakupandisha sauti.

"Tulimpeleka anatembea," alisema. "Huyu bwana kazini kwake wanatoboa panya waone watakufa lini. Akaona ajaribu na kwa dada yake."

Watu walitazama mikeka. Mwishehe alijua jibu. Angeweza kusema ni ugonjwa gani uliotangulia, dawa gani ziliachwa na kwa sababu gani, na katika mkusanyiko ule wasingekosekana wawili au watatu wenye siri kama ile majumbani mwao ambao wangemwelewa. Alikumbuka uzito wa kichwa begani kwake ndani ya gari. Akanyamaza. Ukimya wake ukachukuliwa kuwa ni kukiri, na kufikia Isha habari ilikuwa imefika vitongoji vyote. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemwita Bwana Panya kwa utani.

Alirudi Kibaha kwa sababu siku sitini zilikuwa hazijaisha. Panya wa maji ya chumvi walikuwa wamekwisha wote tangu siku ya thelathini na nne. Wa fangasi iliyouawa walibaki watatu. Wa matone walibaki kumi na watatu, wanene, macho yanang'aa. Siku ya sitini ilipofika, Dokta Elinipa alikuja mwenyewe bandani, akiwa amevaa barakoa, akasema anajua huu umekuwa mwaka mgumu kwa Mzee Mwishehe na kwamba Silvanus anaweza kufanya kazi ya leo.

Kazi ya leo ilikuwa kuwapumzisha waliopona. Ilikuwa imeandikwa tangu mwanzo: walionusurika wapasuliwe, mapafu na ubongo viangaliwe, ijulikane kama fangasi imekwisha au imejificha. Mwishehe alisema ataifanya mwenyewe. Silvanus huwashika kwa haraka, alisema, na hawa wamemzoea yeye. Aliwaweka wawili wawili ndani ya sanduku. Kila mara alifungua gesi taratibu, akasubiri vifua visimame, akahesabu dakika zilizotakiwa bila kuzipunguza. Hakulia. Alipomaliza alinawa mikono mpaka viwiko, akaenda kunywa chai, ikamshinda.

Majibu yalitoka baada ya wiki moja. Kati ya wale kumi na watatu, watano walikuwa na fangasi ubongoni, wazima kwa nje, imekaa kimya inasubiri. Dokta Elinipa alisema haya ni matokeo mazuri kuliko yote waliyowahi kupata, na akasema kwa sauti isiyo na furaha. Hatua iliyofuata ilikuwa kujaribu kwa panya walioshushwa kinga makusudi, ili wafanane na wagonjwa wenyewe. Alimuuliza Mwishehe kama angependa kuhamishiwa bustanini. Mwishehe alisema atafikiria.

Katikati ya Oktoba ilifika arobaini ya Hamisa. Alikwenda Msimbu na Hajra, wamebeba mchele na mafuta. Salumu alipokea mchele, akamsalimia Hajra. Mwishehe hakusalimiwa. Baada ya hitima Mwishehe alikwenda uani, akamkuta mama yake peke yake akichambua mboga ambazo hakuna aliyezihitaji, kwa kuwa chakula kilikuwa kimekwisha kuliwa. Alichuchumaa mbele yake akamwamkia.

Bi Swaumu aliitikia marahaba. Vyombo vilikuwa vikioshwa upande wa pili wa ukuta. Halafu akauliza, bila kuinua uso, kama kutobolewa kule kulimuumiza mwanawe.

"Mara ya kwanza alilia, mama. Baada ya hapo aliomba uji, akanywa wote. Mara ya pili hakulia."

Mama aliendelea kuchambua.

"Yale makopo ya dawa nilikuwa nayaona," alisema. "Aliyaficha ndani ya gunia la kunde. Nilikuwa nikichota kunde nayarudisha palepale. Halafu nikaona hayapo tena. Nikasema, akitaka kuniambia ataniambia."

Mwishehe alimtazama. Alitaka kumuuliza kama atamwambia Salumu, na kabla hajafungua mdomo mama alitikisa kichwa.

"Ulimwahidi?"

"Nilimwahidi."

"Basi tukae hivyohivyo," alisema Bi Swaumu. "Mimi na wewe."

Alimpa bakuli la mboga alishike, akajiinua kwa kushika bega lake, akaingia ndani kuswali. Mwishehe alibaki amechuchumaa uani na bakuli mkononi mpaka Hajra alipokuja kumwambia kwamba gari la kurudi Kibaha limefika. Salumu alikuwa njiani pale mbele ya nyumba akizungumza na watu. Alisogea pembeni wapite, akageukia upande mwingine.

Jumatatu Mwishehe alifika kazini saa moja kasoro. Panya wapya arobaini, wale wa kushushwa kinga, walikuwa wamefika, bado wamejikunyata pembe za vizimba kwa ugeni. Alivaa glavu, akawasha mizani, akaingiza mkono kwenye kizimba cha kwanza.